Miko Miwili ya Marcelina

Siku Hasani Kudura alipomwona Marcelina kwa mara ya kwanza, alimkuta amepiga magoti katikati ya njia, anafunika kitu kwa majani mabichi.

Hasani alikuwa ametoka Butiama alfajiri, sanduku la zana kichwani, anakwenda Buswahili kutengeneza mlango wa kanisa. Alikuwa fundi seremala wa Musoma mjini, Mwislamu, mwenye miaka thelathini na kidogo, na kwa kuona haya alijulikana mtaa mzima. Akikutana na mwanamke njiani, alianza kuangalia vidole vya miguu yake hatua ishirini kabla ya kumfikia. Ndiyo maana siku ile hakuona kilichokuwa kinafunikwa mpaka alipokaribia kukikanyaga.

"We Mswahili! Mguu juu!"

Alibaki amesimama kwa mguu mmoja. Chini yake, kwenye tope la mvua ya jana, palikuwa na unyayo mpana kama sahani. Maji yalikuwa bado yanajichuja kuingia ndani yake.

"Simba," alisema Hasani. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto.

"Ndiye. Amepita sasa hivi, ameelekea mtoni."

"Sasa mama, mbona unamfunika? Si tukimbie?"

"Namfunika asikanyagwe. Wewe kimbia tu. Wewe si wa kwetu, unaruhusiwa kumwogopa."

Alisema hivyo akicheka kidogo, lakini Hasani, ambaye alikuwa anaangalia chini kama kawaida yake, aliiona mikono ya yule mwanamke. Ilikuwa inatetemeka mpaka majani yanalia.

Hawakukimbia. Walikwenda pamoja hadi kijijini, mwanamke mbele, fundi nyuma, na kila kichaka kilipocheza Hasani alisoma dua moja zaidi.

Huo ulikuwa mwaka wa 1937. Ili mtu aelewe kwa nini mwanamke mzima alipiga magoti mbele ya unyayo, lazima ajue jinsi watu wa huko walivyoishi na wanyama. Kila ukoo ulikuwa na mnyama wake. Wengine pundamilia, wengine chui, wengine kiboko, wengine ndege mdogo tu wa majanini. Mnyama wa ukoo hauawi, haliwi, wala unyayo wake haukanyagwi. Mgeni akifika, kabla ya kuulizwa jina huulizwa: mwiko wenu ni nini? Akijibu, basi watu wanajua akae na nani, ale nini na amwoe nani.

Miaka minane kabla ya hapo alikuja mwalimu wa dini aitwaye Bernado, mtu wa Mugango, mtoto wa wavuvi. Aliwafundisha kwamba Bwana Yesu ni Simba wa Yuda, na huyo huyo ni Mwanakondoo wa Mungu. Simba kwa nguvu zake, mwanakondoo kwa upole wake. Alifundisha kama alivyofundishwa, na alifundisha vizuri. Lakini waliomsikiliza walisikia kwa masikio waliyozaliwa nayo. Wa kwanza walipobatizwa, ndugu zao waliwauliza, "Hao watu wa maji mlioingia kwao, mwiko wao nini?" Nao wakajibu bila kusita, "Simba na kondoo."

Watu walishangaa. Ukoo wenye miko miwili haukuwahi kusikika, na tena miko yenyewe mmoja humla mwenzake! Lakini jibu lilikuwa limeshatoka. Tangu siku hiyo waliobatizwa wakaacha nyama ya kondoo, na simba akisakwa, wao walibaki nyumbani. Padri alifika mara mbili kwa mwaka, akabatiza, akafungisha ndoa, akaondoka. Hakuna aliyemweleza, maana hakuna aliyedhani hajui. Bernado alijua kwamba hakuwafundisha hivyo. Alinyamaza. Watu walikuwa wanaingia kanisani, na yeye hakutaka kuwarudisha nyuma kwa maneno.

Marcelina alikuwa miongoni mwa hao wa kwanza. Kwao aliitwa Gati. Aliolewa na mtu mmoja aliyeitwa Mayala, wakapata watoto wawili, kisha malale, ugonjwa wa mbung'o, ikapita, ikawachukua wote watatu katika kiangazi kimoja. Matanga yalipokwisha, shemeji yake Masatu alikuja kumrithi, kama desturi ilivyomruhusu. Masatu alikuwa na wake wawili tayari, na wote wawili walikuwa na meno ya mbele yaliyovunjika. Gati aliangalia yale meno, akaondoka nyumbani kwa marehemu mumewe akiwa na kondoo mmoja jike, akaenda kugonga kwa mwalimu Bernado.

Ndugu zake wa kuzaliwa walimkana. Ukoo wa mume ulimkana. Akabaki na ukoo mmoja tu duniani, ukoo wa maji. Masatu hakuwahi kuacha kusema, kwenye pombe na kwenye msiba, "Yule ni wangu. Siku watu wa maji wakimtema, atarudi kwangu kwa miguu yake."

Kwa hiyo Marcelina aliishika ile miko miwili kuliko watu wote. Wabatizwa walimletea kondoo wao awatunze. Hakuwauza, hakuwachinja. Walizeeka mikononi mwake, na wakifa aliwazika. Wanakijiji walimtania kisimani.

"Marcelina, leo umevaa kaniki, nani kafa?"

"Kipofu amekufa."

"Yule dume lako? Pole! Ameacha wajane wangapi?"

Naye alicheka pamoja nao. Lakini Lukresia, mbatizwa mwenzake aliyekuwa jirani yake, alijua kwamba kila jioni Marcelina aliwahesabu kondoo mara tatu, na akikosea hesabu midomo ilimkauka.

Sasa yule simba. Alikuwa mzee, tena wa peke yake. Alianzia upande wa Bunda kwa kuchukua ndama, akashuka Suguti akamrarua mchungaji bega, kisha akahamia Buswahili. Mzee Nyamhanga, kiongozi wa wapiga mikuki, alituma watu kwa kila ukoo watoe wanaume. Koo zote zilitoa. Wabatizwa walikuwa na wanaume kumi na mmoja wenye nguvu, na hawakutoa hata mmoja.

Masatu alifika mpaka uwanjani kwa kanisa, Hasani akiwa anapiga randa mbao zake za mninga, akapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Basi mwiteni ndugu yenu mle naye! Sisi tunauliwa ng'ombe, ninyi mnatandika majani! Shemeji Gati, mwambie Bwana wako apunguze njaa!"

Marcelina alikuwa ameketi ukutani na kondoo wake. Akaanza kuwahesabu.

"Mama," alimwuliza Hasani baadaye, bila kumtazama usoni, "wewe humwogopi kweli?"

"Namwogopa mpaka tumbo linauma," alisema Marcelina. "Nilikuwaga nafikiri nikibatizwa hofu itaisha. Lakini fundi, kama ni Bwana, nitamchukiaje? Na kama namwogopa hivi, nitampendaje? Hayo ndiyo yananinyima usingizi."

Hasani hamu yake ilikuwa kumaliza mlango arudi Musoma, kwenye taa za karabai na barabara za Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Alikula samaki wakavu wa Mugango kila siku, maana nyama za huko hakujua zimechinjwa na nani, alilala kwa Bernado, na alipiga randa kwa haraka mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Siku ya tisa mlango ulikuwa tayari. Ulikuwa mzito; wanaume wanne waliunyanyua wakausimamisha ndani ya kanisa, ubavuni mwa nafasi ya kuingilia, umeinamia ndani kidogo, umezuiwa na mti mmoja wa kuegemeza. Wakasema watarudi mchana kusaidia kuuingiza kwenye bawaba, wakaenda mashambani. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, manyunyu yameanza. Marcelina aliingiza kondoo wake tisa ndani wasilowe.

"Mama, watachafua!"

"Acha wachafue. Ni nyumba ya baba yao."

Hasani alikuwa anakata nafasi ya bawaba kwa patasi. Ghafla akagundua kwamba hasikii kitu. Kondoo walikuwa wanalialia tangu waingie. Sasa walikuwa kimya kabisa, wamebanana wote mbele, chini ya msalaba, vichwa ndani ya matumbo ya wenzao. Ndipo ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyolowa na ya jeraha la siku nyingi.

Simba alikuwa amesimama kwenye nafasi ya mlango.

Alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Manyoya ya shingoni yalikuwa yamebaki mafungu mafungu, jicho moja linatoa machozi. Lakini kichwa kile kilikuwa kikubwa kuliko alivyowahi kukiwaza Hasani katika ndoto zake mbaya. Hasani hakumbuki alipandaje. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa juu ya boriti, amekumbatia mti, na kitu cha moto kinamtiririka miguuni.

Marcelina alibaki chini. Mgongo wake ulikuwa umegusa ule mti wa kuegemeza.

"Bwana," alisema, na meno yalikuwa yanagongana, "kama ni wewe, nihurumie. Kama ni wewe, sema tu."

Simba hakusema. Mwanakondoo mmoja, wa siku nne, hakuwa amekimbilia kwa wenzake. Alikuwa bado hajajua dunia. Alitembea kwa miguu yake ya kuyumba, akaenda moja kwa moja mpaka kwa simba, akainua pua kumnusa. Simba akaingia hatua mbili, akajilaza taratibu chini ya ule mlango ulioinama, kama mzee anayeketi mahali pake, akamwekea mguu mmoja juu ya mgongo. Mwanakondoo hakulia. Alimwangalia tu Marcelina.

"Fundi," alisema Marcelina bila kugeuka. "Fundi, shuka tuvute."

Hasani alimsikia vizuri. Alijiambia, shuka. Mwili haukumtii.

Marcelina akauvuta ule mti peke yake, kwa mikono miwili. Mlango wote ulianguka kwa kishindo, ukamfunika simba mgongo na kiuno. Mngurumo uliotoka chini ya zile mbao ulitikisa vumbi la paa likamwingia Hasani machoni. Alipofumbua, Marcelina alikuwa amemnyakua mwanakondoo, mkono wake umechanwa kutoka kiwiko hadi kiganja, na katika mkono mwingine alikuwa ameshika tezo la Hasani la kuchongea mbao. Alipiga mara tatu katikati ya masikio. Kisha akaketi juu ya mlango, mwanakondoo mapajani, akaanza kupiga yowe.

Watu walikuja mbio. Masatu alifika wa mwisho, akauchoma mzoga mkuki mara tatu. Mzee Nyamhanga aliuangalia mlango, akaangalia tezo, akamwangalia Marcelina. Hakumpongeza. Alirudi nyuma hatua mbili, na wabatizwa nao wakarudi nyuma. Lukresia alikuwa ameshanyoosha mkono kumshika bega. Aliurudisha mkono wake, akaufuta kwenye nguo.

Nyumba nzima ilitoka, akabaki Marcelina na fundi anayeshuka kwenye boriti kwa aibu, nguo imelowa.

"Fundi," alisema Marcelina. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. "Nimemuua nani?"

Hasani alimwosha lile jeraha kwa maji moto na chumvi. Hakuwahi kugusa mkono wa mwanamke asiye wa kwake. Lakini mtu mwingine wa kumgusa hakuwapo. Waliobatizwa waliogopa wasiambukizwe laana. Wasiobatizwa waliogopa zaidi. Aliyemwaga damu ya simba, kwa desturi ya huko, alikuwa kama aliyemwaga damu ya mtu. Hachangii chungu, haombi moto kwa jirani, mpaka atakaswe kwa mafuta ya kondoo aliyechinjwa kwa ajili yake. Akishatakaswa ndipo hupewa ngozi, akacheza nayo kijiji hadi kijiji, akishangiliwa. Na kwa mtu aliyeua mwiko wa ukoo wake mwenyewe, utakaso huo ulikuwa lazima zaidi. Asipoupata, ukoo unamtoa.

"Sasa atatakaswa na nini?" Masatu aliuliza njia nzima, amefurahi kama aliyeokota ng'ombe. "Kondoo naye si ndiye mwiko wao wa pili? Wakimchinja, wamevunja. Wasipomchinja, mtu wao najisi. Kwishaaa! Mke wangu wa tatu anarudi!"

Siku mbili Marcelina alikaa peke yake kwenye zizi lake. Moshi haukuonekana kwake. Moto ulikuwa umezimika, na hakuthubutu kuomba kaa. Hasani alimpelekea ugali. Alimkuta kila mara amekaa vilevile, uso ukutani.

"Wakinitoa, fundi, nitakwenda kwa Masatu. Sina njia nyingine. Nimeona meno ya wake zake."

Jioni ya siku ya pili Bernado alimfuata Hasani alipokuwa ananoa zana. Alikuwa mtu mnene, mpole, na usiku uliotangulia hakuwa amelala.

"Fundi, niokoe. Sema ni wewe uliyevuta ule mti. Wewe ni Mwislamu, huna mwiko kwa simba. Wazee watakutakasa, watakupa ngozi, mambo yataisha."

"Mwalimu, wewe si uwaambie tu ukweli? Kwamba huo mwiko haupo?"

Bernado aliinamisha kichwa. "Miaka minane nimewaona wanaacha nyama, nikanyamaza. Nikisema leo, watauliza ni mangapi mengine niliyonyamazia."

Hasani alifikiri usiku kucha. Kusema uongo mbele ya baraza! Kupakwa mafuta kwa mambo ambayo dini yake inayakataa! Na kisha, jambo lililomtisha kuliko hata simba mwenyewe, kucheza na ngozi vijijini, wanawake wakimpigia vigelegele, yeye ambaye kumwuliza mtu bei sokoni kulimtoa jasho. Lakini alikuwa ameitwa ashuke kwenye boriti, na hakushuka. Deni hilo lilimkaa kifuani.

Kesho yake saa tisa watu walikusanyika mbele ya kanisa. Marcelina aliketishwa mbali, kwenye jua. Mzee Nyamhanga akauliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Nani alimwaga damu ya kwanza?"

Hasani alisimama. Macho yote yalimgeukia.

"Ni... mimi."

"Sema kwa nguvu, fundi."

"Mimi. Nilivuta mti."

"Ulikuwa umesimama upande gani?"

Hasani akafungua mdomo. Akaonyesha kushoto, kisha akaonyesha kulia. Mtu mmoja akacheka, wa pili akacheka, na Hasani akatamani ardhi immeze na sanduku lake.

"Mwacheni fundi wa watu," ilisema sauti kutoka kwenye jua. Marcelina alikuwa amesimama. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa cha Hasani. "Fundi alikuwa kwenye boriti. Nilikuwa nikitazama juu naona nyayo zake. Ni mimi."

"Gati, unajua unachosema?" aliuliza Nyamhanga.

"Najua, na naogopa. Sikilizeni, kisha mnipeleke mnakotaka. Nilifundishwa Bwana ni simba, na Bwana ni mwanakondoo. Nikaishika miko yote miwili. Siku ile nikawaona wote wawili mbele yangu, na mmoja anakwenda kumla mwenzake. Nikauliza, nimshike yupi? Hakunijibu mtu. Yule mkubwa nilimwita, hakusema neno. Yule mdogo hakuniita, ila aliniangalia. Nikamshika yule aliyeenea mikononi mwangu. Kama nilikosea, nilikosea hapo."

Akaketi.

Halafu Bernado akajikongoja mpaka katikati. Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni.

"Huyu hana mwiko aliouvunja," alisema. "Mwenye kosa ni mimi. Simba niliyewafundisha si huyu wa porini. Ni maneno ya kuonyesha nguvu za Bwana, kama mtu anavyosema mwanangu ni jiwe. Na kondoo ni kuonyesha upole wake, maana alikubali kuuawa bila kupiga kelele. Hakuna mnyama tuliyekatazwa. Nilijua mmeelewa vingine, nikanyamaza kwa sababu nilipenda kanisa lijae."

"Ati nini?" alifoka mwanamume mmoja mbatizwa. "Miaka minane! Ile mikia yote ya kondoo yenye mafuta tuliyoiacha harusini?"

"Mliiacha bure," alisema Bernado.

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwashika hata wapiga mikuki. Masatu peke yake hakucheka.

"Basi mimi nampata au simpati?"

Lukresia alikuwa amenyanyuka na kibuyu chake cha maji. Wote walimwona anavyoogopa. Alitembea kama anayevuka mto wenye mamba. Alifika kwa Marcelina, akampa kibuyu anywe. Marcelina akanywa. Lukresia akakipokea, akafumba macho, akanywa pale pale midomo ya mwenzake ilipogusa. Akangoja kidogo. Akafumbua macho.

"Twende nyumbani, dada," alisema. "Moto nitakupa mimi."

Mzee Nyamhanga aliitikia kwa kichwa, akasema ukoo wa maji umempokea mtu wao, wengine hawana la kusema. Ngozi ya simba ilikosa mwenyewe, mwishowe akapewa Masatu ili anyamaze. Alicheza nayo mpaka Butiama, akieleza jinsi alivyopambana. Hasani alimaliza kupachika mlango siku iliyofuata. Ulikuwa na alama nne za makucha upande wa ndani, naye hakuzipiga randa.

Mtu angedhani baada ya hapo Marcelina aliishi bila hofu. Haikuwa hivyo. Alifika Musoma mara moja au mbili kwa mwaka, kuuza karanga zake, na kila mara alipita kwenye karakana ya Hasani. Alimwambia kwamba bado hushtuka usiku. Wabatizwa wengine walirudia nyama ya kondoo, na padri aliposimuliwa yote hakucheka, alimwekea mkono kichwani tu. Lakini yeye hakula. Si mwiko, alisema, ila mtu hali aliyemwangalia hivyo. Na aliposali hakujua hata siku moja ni yupi anayemsikiliza, yule mwenye kichwa kikubwa mlangoni au yule mdogo wa mapajani. Alisali kwa wote wawili, akitetemeka.

Miaka kumi na minne ilipita. Mwaka wa 1951 Marcelina aliletwa Musoma mgonjwa, tumbo limevimba, mwili umebaki mifupa. Daktari alisema hakuna la kufanya. Alilazwa nyumbani kwa binti wa Lukresia, mtaa wa pili kutoka karakana, na watu wa Buswahili walikuja kwa zamu kumwuguza, wanaume na wanawake. Hasani, ambaye sasa alikuwa na mvi na bado anaangalia chini, alikwenda kila baada ya swala ya alasiri.

Siku moja alimkuta macho makavu, ameshika ukingo wa kitanda.

"Wamesema wataniitia fundi," alisema Marcelina. "Lori la kunirudisha kwetu wamelipata. Watanizika pale uwanjani kwa kanisa, na wenzangu. Uchukue vipimo vya jeneza."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nipime wewe. Sitaki mwingine."

Hasani alitoa futi yake mfukoni. Alimpima kutoka kichwani hadi miguuni, na namba hazikutaka kusomeka kwa machozi. Alimwuliza kama anaogopa.

"Sana," alisema. "Kama siku ile. Sijui atakuja yupi kunichukua."

Hasani alikunja futi. Alikuwa ameshafika mlangoni alipomsikia anamwita tena, kwa sauti ya chini, kama anayempa kazi ya kawaida.

"Fundi, misumari usipige mingi. Awe mkubwa au awe mdogo, atakayekuja, mimi ni mzee, nisije nikamchelewesha."